Bakuli la Hoteli ya Birika

Basi linalotoka Mbamba Bay kwenda Songea siku hizi halisimami Mbinga kwa ajili ya chakula. Linaingia stendi, linapakia, linaondoka. Abiria mwenye njaa hununua mahindi ya kuchoma dirishani na kuyatafuna huku lami ikipita chini yake. Sisemi haya kuilalamikia lami. Nimeidai miaka mingi, hata nikaandika makala mbili gazetini kueleza, kwa maneno marefu ya chuo kikuu, jinsi barabara mbovu inavyodumaza watu wa kwetu. Lami ikaja, na jambo la kwanza ililofanya ni kuiua hoteli niliyoipenda kuliko zote. Ndiyo faida ya kuwa na msomi kwenye ukoo.

Hoteli hiyo ilikuwa kando ya barabara, unapouacha mji kuelekea Songea. Jina lake rasmi lilikuwa refu na hakuna aliyelitumia. Tuliiita Birika, kwa sababu ya birika la bluu lililochorwa ukutani likitoa mvuke kwa mistari mitatu. Nayo haikuwa peke yake. Kulikuwa na Birika ya Tunduru, ya Namtumbo na ya Songea. Hii ya Mbinga ndiyo kitinda mimba. Mwenye nazo, mfanyabiashara ambaye wazee wake walitoka pwani, aliamini kwamba msafiri aliyechoka hataki kitu kipya, anataka kitu anachokijua. Basi hoteli zote nne zilipakwa kijani chini na rangi ya maziwa juu, meza zote zilitandikwa plastiki yenye picha za mananasi, na chakula kilikuwa kilekile: chapati, maharage ya nazi, wali na nyama, pilau siku ya Ijumaa, na chai ya maziwa yenye iliki. Mbinga kahawa imejaa mpaka mgongoni mwa milima, lakini sikuwahi kumwona mkulima wa kahawa akiagiza kahawa pale. Kahawa ilikuwa ya kuuza. Ya kunywa ilikuwa chai.

Enzi hizo kupanda kutoka ziwani hadi Mbinga kulimaliza siku nzima, na masika kulimaliza hata siku mbili. Tulishuka kusukuma basi, tukapanda, tukashuka tena. Ulipofika Birika ulikuwa na matope mpaka magotini, na mlangoni pipa la maji na kipande cha sabuni vilikuwa vinakungoja. Dereva na kondakta walikula bure nyuma ya pazia, kama ilivyo desturi ya hoteli za njiani, kwa hiyo hakuna dereva aliyewahi kuipita Birika akiwa na njaa wala akiwa ameshiba. Kondakta alitangaza dakika ishirini za kula na kuchimba dawa. Dakika ishirini hizo zilichukua saa nzima, na hakuna aliyenuna.

Msimamizi wa Birika ya Mbinga alikuwa mtu wa Lindi, mwembamba, mwenye kofia ya kufuma na sauti ya chini, aliyefiwa na mkewe angali kijana. Hakuwahi kumuuliza mgeni atakula nini kabla hajamuuliza ametoka wapi, kwa maana jibu ndilo lililomwonyesha pa kumketisha. Waliotoka ziwani aliwaweka karibu na jiko. Mbinga ni baridi, nasi tulipanda kule tumevaa nguo nyepesi za ufukweni, meno yakigongana mbele ya watu wenye makoti. "Sogea motoni," alisema, kisha akaleta chai kabla hujaagiza.

Birika ilifanya pia kazi ya posta. Mzigo wa mtu aliyeko Mbinga uliachwa kwa kondakta huku chini, kondakta akamkabidhi msimamizi, na mwenye mzigo akaufuata kwa wakati wake. Nilipokuwa kidato cha tano katika shule ya bweni hapo Mbinga, mama alinitumia kapu la usipa kila mwisho wa mwezi. Kijiji chetu kiko upande wa Liuli. Baba alikwisha kufariki, na mama alitulea kwa shamba la mihogo na kwa dagaa hao wadogo wa Ziwa Nyasa, ambao watu wengi huwaanika mchangani. Mama hakuanika mchangani. Alitandika mkeka juu ya majabali, akawageuza mmoja mmoja kana kwamba anawafahamu. Usipa wa mama haukuwa na mchanga. Anayejua usipa ataelewa kwamba hiyo ni sifa kubwa kuliko shahada.

Sasa, kwetu chombo hakirudi kitupu. Ukiletewa kitu kwenye sahani, kapu, hata kikombe, utakirudisha na kitu ndani yake: ndimu mbili, chumvi kidogo, kipande cha sabuni. Kurudisha chombo kitupu ni kumwambia mwenzako kwamba mmemalizana. Kwa hiyo miezi ya mwanzo nililirudisha kapu la mama na maharage niliyokuwa nikiyachepusha jikoni shuleni, na mambo yakaenda vizuri.

Kilichoharibu mambo ni harufu. Bweni letu lilikuwa na vijana wa Songea, wa Njombe na wa Mbinga penyewe, na kapu lilipoingia, kila mtu alijua limeingia. Wakaanza kuniita Mheshimiwa Usipa. Mmoja wao, ambaye sasa ni mtu mkubwa na sitamchongea, alimwambia mwalimu wa jiografia mbele ya darasa zima kwamba mimi nisamehewe somo la maziwa makuu, kwa kuwa ziwa langu liko sandukuni. Mwalimu naye alicheka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa nimeanza kuvaa miwani ambayo sikuihitaji.

Jumamosi moja nikaenda Birika nikamwambia msimamizi kwamba masomo yamezidi, sitapata nafasi ya kuja kuchukua mzigo, kwa hiyo usipa ukija wautumie tu jikoni. Alinisikiliza huku akifuta meza iliyokuwa safi.

"Na kapu?" akauliza.

"Kapu lirudi."

"Lirudi vipi?"

"Lirudi tu, mzee."

Aliitikia kwa kichwa. Nikanywa chai yake, nikaondoka nimetua mzigo. Sikulifikiria kapu tena. Nimesoma mambo mengi maishani, nimefundisha mengine, lakini sina kumbukumbu ya ujinga mwingine niliowahi kuufanya kwa utulivu kama ule.

Miezi miwili baadaye ikaja barua ya mama. Alishukuru kwa sukari. Barua iliyofuata alishukuru kwa majani ya chai. Nilidhani amechanganya, labda ni kaka yangu wa Songea aliyetuma. Nilipofika chuo kikuu Dar es Salaam ikaja barua ya kushukuru kwa khanga, na humo mama alinakili maneno yaliyoandikwa kwenye pindo, akasema hakujua kwamba mwanawe ana jicho la kuchagua khanga. Hapo nikaelewa. Niliketi kitandani bwenini na barua ile mkononi, kisha nikafanya anachofanya kila mwoga aliyesoma: nikaahirisha. Nikajiambia nitamweleza ana kwa ana. Nilipofika nyumbani likizo alikuwa amevaa khanga yenyewe kwenda kanisani, na majirani wakinisifu, na mimi nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Njiani kurudi chuo nilikula Birika. Kwenye ubao wa chakula, chini ya wali na nyama, kulikuwa na mstari ulioongezwa kwa chaki: usipa na ugali. Hakuna Birika nyingine iliyokuwa na mstari huo. Wahudumu walisema mwenye hoteli alipopita kukagua alifoka kwamba amevunjiwa utaratibu, akaletewa sahani, akala, akauliza kama kuna nyingine. Nikaagiza. Nilitafuna polepole nikingoja mchanga, na mchanga haukuja. Msimamizi alipita karibu na meza yangu, akasema, "Masomo yanaendeleaje?" Nikasema yanaendelea vizuri. Hatukusema zaidi ya hapo, siku ile wala siku nyingine yoyote.

Barua za mama ziliacha kutaja kapu nilipoanza kazi. Nikadhani yamekwisha. Ilipowekwa lami na nikasikia Birika imefungwa, nilihuzunika kama tunavyohuzunikia mahali palipotuhifadhia aibu yetu vizuri. Nikaanza hata kuandika historia yake. Nilikuwa na daftari lenye vichwa vya habari: mwanzo, ustawi, anguko.

Mwaka jana nikaenda nyumbani. Mama siku hizi anatembea kwa kushika ukuta na anachagua siku za kwenda kanisani. Nilikuwa nimeamua kwamba safari hiyo nitamwambia. Mtu akifika umri wangu huanza kuogopa kushukuriwa mpaka kaburini kwa jambo asilolifanya. Njia nzima nilitunga hotuba yenye utangulizi na mifano. Niliingia ndani, nikaamkia shikamoo, nikaitikiwa, nikaketi, na kabla sijafungua mdomo macho yangu yakaangukia kabatini. Kati ya picha ya ndoa yao na Kitabu cha Sala kulikuwa na bakuli jeupe la enameli lenye mfuniko. Ubavuni lilikuwa limechorwa birika la bluu, mvuke wa mistari mitatu.

Nikauliza limetoka wapi.

"Si huko huko," mama akasema. "Kapu lilikuwa limetoboka, akatumia bakuli lake."

Niliuliza ni lini. Akasema ni wakati ule magreda yalipokuwa yanamalizia kipande cha mwisho cha barabara. Nilihesabu kichwani, nikahesabu tena. Kapu lilikuwa limepanda na kushuka zaidi ya miaka ishirini baada ya mimi kuacha kulipokea.

Nikamwambia basi. Hotuba ilinipotea, nikasema tu kwamba sukari haikuwa yangu, wala chai, wala khanga, kwamba nililikataa kapu kwa sababu vijana walinicheka, na kwamba nimekaa kimya miaka yote hiyo. Mama aliniangalia kwa huruma, kama anavyomwangalia mtu aliyekuja msibani wiki moja baada ya maziko.

"Baba," akasema, "wewe unajua kufunga sukari?"

Alieleza taratibu. Kapu la kwanza lilimdanganya. Sukari yake ilifungwa kwenye karatasi iliyosokotwa pembe, vile wenye maduka wanavyofunga, naye hakushtuka; la pili likaja na majani ya chai, na ndani yake punje za iliki. Mwanawe, ambaye hakuwahi kununua kiberiti bila kutumwa, angejuaje habari za iliki? Akapanda basi kwenda Mbinga kuona. Msimamizi alimuuliza ametoka wapi, akamketisha karibu na jiko. Aliletewa ugali na usipa. Akaonja.

"Nikamwambia, kaka, usipa huu hauna mchanga. Akaniangalia, akajua mimi ni nani. Akasema kijana anasoma sana. Nikasema najua."

"Halafu?"

"Nikamaliza kula, nikapanda basi."

Nikamuuliza alikwenda mara ngapi. Mara hiyo moja tu. Nikamuuliza kwa nini hakwenda tena.

"Kapu lilikuwa linakwenda," akasema.

Niliona haya kwa namna mpya. Nilikuja kuungama mbele ya mtu ambaye katika habari hii yote hakuwa na shida na mimi kabisa. Shida yake ilikuwa bakuli. Baada ya kulipokea alilijaza usipa na kulipeleka kwa kondakta, na kondakta akarudi nalo siku ya pili. Alikuta mlango umefungwa kwa kufuli na msimamizi hayupo. Usipa ule mama aliwagawia majirani, bakuli akaliosha na kuliweka kabatini, na toka hapo limekaa kama mgeni asiyeaga. Zamu ilikuwa yake na hakuwa na pa kulipeleka.

"Atasema mwanamke wa ziwani amekaa na bakuli langu," alisema. "Nami sitaki kufa nalo humu ndani."

Ilinichukua jioni nzima kuelewa kwamba ananiomba jambo.

Keshokutwa yake tulipanda Mbinga, mama, mimi na bakuli lililojaa usipa mpya, limefungwa kwa khanga. Safari haikumaliza hata saa mbili. Tulipita mahali tulipokuwa tukisukuma basi, na mama akatazama nje kama mtu aliyenyimwa kitu. Birika sasa ni duka la mabati na saruji. Wamepaka ukuta wote rangi ya chungwa, ila birika lile linaonekana bado chini ya rangi, kama kovu. Ndani, pale palipokuwa na jiko, pamepangwa mifuko ya saruji mpaka darini. Mama alisimama mlangoni akauliza, kwa adabu, kama anaweza kukaa kidogo. Kijana wa duka akampa kiti. Akakisogeza kule kwenye saruji, akaketi, akajifunga khanga vizuri kama mwenye baridi.

Barazani kulikuwa na mama mmoja fundi cherehani, aliyekuwa akishona hapo tangu enzi za pilau. Huyo ndiye aliyenipa historia yote niliyokuwa nikiitafuta kwa daftari, tena bila kuinua mguu kwenye cherehani. Mwenye hoteli alifariki. Watoto wake wakagawana Birika moja moja, kila mmoja akaiendesha anavyojua: mmoja akaweka baa, mwingine chipsi, na baada ya mwaka hakuna msafiri aliyejua atakuta nini. Ya Mbinga ilishikilia chakula chake, lakini lami ilipofika mabasi yakaacha kusimama. Msimamizi alipika pilau ya Ijumaa mbili bila mteja. Ya tatu aliwagawia watu wa msikitini na wa barazani, akafunga, akarudi kwao Lindi.

"Yuko hai?" mama akauliza kutoka kule ndani. Sikujua kwamba alikuwa anasikia.

Fundi alisema yuko hai, ila masikio yamepungua. Alikuwa na namba ya binti yake. Nikapiga. Binti alipokea, akaniuliza maswali matatu ya kuhakikisha mimi si tapeli, kisha nikasikia akimpelekea mtu simu na kumwambia kwa sauti kubwa kwamba ni watu wa Mbinga. Nikaiweka simu kwenye spika, nikampa mama. Aliishika mbali na uso kama taa.

"Ni mimi, kaka," akasema. "Mwenye bakuli."

Tukamsikia binti akimrudia maneno hayo kwa sauti kubwa sikioni.

"Kumbe lipo," sauti ikasema. Ilikuwa imekonda, lakini ni ileile.

"Lipo. Nimelijaza. Nimekuta umefunga."

"Walifunga wenye mali. Mimi nilizima moto tu." Akakohoa. "Usipa una mchanga?"

Mama alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka namna ile, kicheko cha mtu ambaye hana watoto bado. Fundi aliacha kushona. Kijana wa duka alitazama mifuko ya saruji. Mimi nilitoka nje kidogo, kwa kuwa nilihisi nimesimama karibu mno na moto wa watu wengine.

Stendi, kondakta wa basi la Songea alilinusa furushi kabla hajalishika. Akasema, mzee, hii itakaa chini kabisa, abiria watanitoa roho. Nikamwambia iwe popote, mradi Songea ipande basi la Masasi na Masasi ipande la Lindi. Akanipa kalamu niandike jina la anayetuma. Nikaanza kuandika la mama.

"Andika lako," mama akasema. "Safari hii umelileta mwenyewe."

Nikaandika langu. Watu wawili waliokuwa kwenye foleni walisogea pembeni kwa sababu ya harufu, na mmoja akamnong'oneza mwenzake neno lililomchekesha. Miwani ninayovaa siku hizi naihitaji kweli. Niliivua nikaifuta.

Basi likaondoka. Kutoka pale tulipokaa barabara ya Songea inaonekana mpaka lilipo lile jengo la rangi ya chungwa. Mama, ambaye macho yake hayafiki mbali, alinishika mkono.

"Limepunguza mwendo?"

Nililitazama likiifikia Birika na kuipita.

"Halikupunguza, mama."

Akaitikia kwa kichwa. Bakuli lilifika Lindi baada ya siku nne. Binti alipiga simu kusema baba yake ametafuna usipa mzima mzima na kuwakataza wengine. Halijarudi bado. Kabatini, kati ya picha ya ndoa na Kitabu cha Sala, mama ameacha nafasi ya duara isiyo na kitu. Nilipotaka kuweka hapo chupa za dawa zake alinikataza, akasema niziweke dirishani.